Nahodha wa Kofia ya Ukindu: Uzuri na Upungufu wa Hadithi ya "One Piece"

Ndugu msomaji, mtoto akimwuliza mtu mzima swali wakati wa magharibi, chungu kikiwa mekoni na redio ikisoma habari, jibu lililo jepesi ni "kesho". Ndivyo nilivyomjibu mpwa wangu, mvulana wa miaka 12, hapa Palma. Alikuwa ameniuliza: "Mjomba, Luffy akija na merikebu yake akanitaka nifuatane naye, utaniruhusu?"

Sikumjua huyo Luffy. Nilidhani ni kijana wa pwani, au mgeni aliyeshuka katika mojawapo ya mashua zitokazo Mtwara. Usiku ule usingizi ulinipaa. Katika pwani yetu ya kaskazini ya Cabo Delgado, habari ya kijana kuitwa na mtu akaondoka naye si habari ya mzaha. Tangu tarehe 5 Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, wapo vijana waliofuata maneno matamu na ahadi za fedha, na wapo wavulana waliotekwa wakalazimishwa kushika silaha. Mji wa Mocímboa ulikaa mikononi mwa magaidi tangu Agosti 2020 hadi Agosti 2021. Palma yetu nayo ilivamiwa tarehe 24 Machi 2021. Dada yangu alikimbia na wanawe hadi Pemba, makao makuu ya jimbo, akapokewa katika nyumba ya watu wema. Basi mtoto aliyepita katika hayo anapouliza kama ataruhusiwa kumfuata mtu baharini, mjomba wake hana budi kusikiliza.

Asubuhi nilimwita nikamwuliza Luffy ni nani. Alicheka mpaka akakaa chini. Luffy ni mtu wa katuni! Mpwa wangu alimfahamu huko huko Pemba, katika simu ya mtoto wa wenyeji wao, siku ambazo hapakuwa na shule wala kiwanja cha kuchezea.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kabla ya kuingia ofisini nilisomea ualimu. Chuoni tulifundishwa kwamba mwalimu hana haki ya kumnyang'anya mwanafunzi kitabu ambacho yeye mwenyewe hajakisoma. Kwa hiyo nilikwenda sokoni kwa kijana mmoja ajazaye filamu katika flashi kwa metikali chache, nikaileta hadithi hiyo nyumbani, na kwa miezi kadhaa tukawa tunaitazama pamoja baada ya chakula cha usiku. Katika makala haya nitaeleza niliyoyaona, mazuri na mabaya, ili ndugu zangu askari, polisi na jamaa zao, ambao watoto wao bila shaka wanaitazama pia, wapate kuamua wenyewe.

HADITHI YENYEWE

"One Piece" ni hadithi ya Kijapani. Mtungaji wake, Eiichiro Oda, alianza kuichora mwaka 1997, akiwa na umri wa miaka 22, katika gazeti la kila wiki la picha liitwalo Shonen Jump. Neno "shonen" kwa Kijapani maana yake ni mvulana, na hadithi za aina hiyo hutungwa kwanza kwa ajili ya wavulana, ingawa wasichana na wazee nao huzisoma. Gazeti hilo linajulikana kwa nguzo tatu ambazo hadithi zake hujengwa juu yake: urafiki, juhudi na ushindi. Filamu za katuni za hadithi hii zilianza kuonyeshwa katika televisheni ya Japani mwezi Oktoba 1999. Hadi leo zimezidi sehemu 1,100, na hadithi haijafika mwisho. Vitabu vyake vimepita nakala milioni 500 duniani. Mwaka 2023 ilitoka pia filamu yake ya watu halisi, nayo ilipigwa hapa hapa Afrika, katika mji wa Cape Town.

Habari yenyewe kwa ufupi ni hii. Haramia mkuu wa dunia aliuawa hadharani na serikali, na kabla ya kufa alitangaza kwamba hazina yake yote ameiacha mahali fulani baharini. Watu wengi wakaingia baharini kuitafuta. Miongoni mwao ni kijana Luffy, mvaa kofia ya majani makavu, mfano wa zile ambazo mama zetu husuka kwa ukindu. Alipokuwa mdogo alikula tunda la ajabu, mwili wake ukawa mpira unaovutika. Lakini kila alaye matunda ya jinsi hiyo huadhibiwa: hawezi kuogelea tena, na akitumbukia baharini huzama kama nanga. Hivyo nahodha wa hadithi hii ni baharia asiyeweza kuogelea, ambaye uhai wake umo mikononi mwa wenzake kila siku.

Luffy hukusanya mabaharia wake mmoja mmoja: Zoro mpiga panga, Nami rubani wa kike ajuaye pepo na mikondo, Usopp mlenga shabaha mwenye hofu na uwongo mwingi, Sanji mpishi, Chopper tabibu, Robin mwanamke msomi wa mambo ya kale, Franky fundi wa kuunda vyombo, Brook mpiga muziki, na Jinbe mshika usukani. Merikebu huenda kisiwa hadi kisiwa, na kila kisiwa kina mfalme wake, desturi zake na dhuluma yake.

KWA NINI INAPENDWA

Sababu ya kwanza iko wazi kwa mtu wa pwani. Sisi tumelelewa na habari za Sindibadi Baharia katika Alfu Lela Ulela, ambaye alisafiri safari saba, na kila safari ikampeleka kwenye kisiwa chenye maajabu mapya. Mjapani huyu ametunga safari ya namna ile ile, tena ndefu kuliko zote. Mtoto wa Palma, wa Mocímboa au wa Ibo hahitaji kuelezwa tanga ni nini, au kwa nini rubani huheshimiwa. Mama yangu mzazi, ambaye hajui Kireno, hukaa nasi mkekani, na mpwa wangu humfasiria kwa Kiswahili chetu cha huku, akiiga sauti ya kila mtu, kama Lufufu wa Tanzania alivyokuwa akifasiri filamu za kigeni kwa sauti yake mwenyewe. Shule yetu ni ya Kireno, na nimeona kwamba kazi hiyo ya kufasiri imemwongezea mtoto Kireno na Kiswahili pamoja.

Sababu ya pili ni kwamba hadithi hii inaijua njaa. Sanji mpishi, alipokuwa mtoto, alivunjikiwa na chombo akatupwa juu ya mwamba mkavu pamoja na haramia mzee aitwaye Zeff. Mzee alimpa mfuko mdogo wa chakula, akabaki na gunia kubwa, akamkataza mtoto asimsogelee. Siku zilipokwisha kuwa nyingi, mtoto alikwenda kwa kisu kulinyang'anya lile gunia. Alikuta limejaa dhahabu tupu. Chakula chote kilichookolewa mzee alikuwa amempa yeye. Walikaa mwambani siku 85. Tangu hapo Sanji hamnyimi chakula mtu mwenye njaa, hata akiwa adui. Nyumbani kwetu, watoto waliokula kwa zamu katika sufuria ya wenyeji kule Pemba hawakusema neno wakati wa sehemu hiyo.

Sababu ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni habari ya Nami. Inapatikana kati ya sehemu ya 31 na ya 44, na hata mzazi asiye na nafasi ya kutazama nyingine zote yafaa atazame hizo. Nami alilelewa na mwanamke aitwaye Bell-mère, aliyekuwa zamani askari wa Jeshi la Wanamaji. Mwanamke huyo aliwaokota Nami na dada yake katika uwanja wa vita, akaacha kazi akawa mama yao na mkulima wa machungwa. Siku moja kijiji chao kilivamiwa na haramia aitwaye Arlong. Akatoza kodi ya roho: kila mtu mzima alipe 100,000, kila mtoto 50,000, asiyelipa auawe. Bell-mère alikuwa na 100,000 tu. Angeweza kujilipia mwenyewe, akakana kwamba ana watoto, na wanakijiji walikuwa tayari kuwaficha. Alikataa kuwakana. Akatoa fedha zile kwa ajili ya wale wasichana wawili, naye akapigwa risasi mbele yao.

Mama yangu alifuta macho kwa upindo wa kapulana yake. Alisema neno moja tu: "Wapo waliofanya hivyo." Sikumwuliza ni nani. Ndugu msomaji, filamu iliyochorwa Japani na mtu ambaye labda hajapata kuisikia Palma, ikigusa bibi wa Palma namna hiyo, haifai kuitwa upuuzi wa watoto.

ASKARI KATIKA HADITHI HII

Kwa kuwa gazeti hili linasomwa katika makambi na vituo, yafaa niseme jinsi hadithi inavyowaonyesha askari. Jeshi la Wanamaji la hadithi hii lina kazi ya kulinda watu dhidi ya maharamia, na maofisa wake huvaa makoti marefu yaliyoandikwa mgongoni neno moja kubwa: HAKI. Mtungaji anauliza kila mara kama mvaaji analistahili neno hilo.

Yuko ofisa aitwaye Nezumi. Kijiji cha Nami kilipokuwa kinakamuliwa, yeye alikuwa akipokea rushwa kutoka kwa Arlong ili afumbe macho. Nami alikuwa ameweka akiba miaka minane ili akinunue kijiji chake. Nezumi akaja na askari wake wakaichimbua akiba ile bustanini wakaichukua kwa jina la sheria. Jirani yangu mmoja, polisi, aliniambia barazani kwamba binti yake wa miaka tisa, baada ya kuona hayo, alimgeukia akamwuliza: "Baba, wewe huwezi kufanya hivyo, sivyo?" Alinisimulia akicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Alisema alimjibu mtoto kwamba hawezi, na kwamba tangu siku hiyo anapovaa sare asubuhi humwona mtoto akimtazama.

Lakini yuko pia Koby. Huyu alikuwa mvulana mwoga aliyepanda chombo cha maharamia kwa makosa, akatumikishwa humo miaka miwili kwa vipigo. Luffy alimsaidia kutoka, na Koby hakumfuata Luffy. Alikwenda kujiandikisha katika Jeshi la Wanamaji, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa ndoto yake. Wakaachana wakiwa marafiki, kila mmoja upande wake. Miaka baadaye, katika vita kuu kati ya wanamaji na maharamia, Koby alisimama peke yake mbele ya mkuu wake mwenye nguvu za kutisha, akamsihi vita visimame, kwa kuwa lengo lilikwisha kufikiwa na askari majeruhi walikuwa wanaachwa wafe bure, hali kila mmoja ana jamaa wanaomngoja nyumbani. Ningependa kila mtoto wa askari aione sehemu hiyo. Inamwonyesha kwamba ushujaa wa sare ni pamoja na kuhurumia roho za watu, wa kwetu na wa wenzetu.

UPUNGUFU WAKE

Nimeisifu hadithi; sasa niyaseme makosa yake, nayo si machache.

La kwanza ni urefu. Sehemu moja huchukua kiasi cha dakika 24. Sehemu 1,100 ni kama saa 440. Mtoto akitazama sehemu mbili kila jioni bila kukosa, itamchukua mwaka mmoja na nusu kuzifikia hizo. Ubaya ni kwamba urefu huo si hadithi tupu. Kwa kuwa filamu ilikuwa ikitoka kila wiki na mtungaji hawezi kuchora kwa mwendo huo, watengenezaji waliivuta kama unga wa chapati: wimbo wa mwanzo, kisha marudio ya wiki iliyopita, kisha watu wanatazamana, kisha kumbukumbu tuliyokwisha kuiona mara tatu. Kisiwa kiitwacho Dressrosa kilichukua sehemu 118, kuanzia mwaka 2014 hadi 2016, na mambo yanayosimuliwa humo kwa sehemu kubwa yalitokea katika siku moja! Wenyewe wameligundua kosa hilo. Mwishoni mwa mwaka 2025 walitangaza kwamba kuanzia 2026 hawatazidisha sehemu 26 kwa mwaka. Lakini zile za zamani ziko vile vile, na jioni za mtoto wa shule ni chache.

La pili ni uwongo kuhusu majeraha. Katika hadithi hii mtu hukatwa panga, huangukiwa na nyumba, humwagika damu, na kesho yake anakula mapande ya nyama akicheka. Mtoto ambaye hajaona vita anaweza kuamini. Watoto wetu wameona. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini jirani yetu fulani, aliyejeruhiwa mwaka 2021, mpaka leo anachechemea, wakati Zoro alipona kwa siku mbili. Nilimwambia ukweli: Zoro amechorwa kwa wino, na jirani yetu ni nyama na mfupa. Mzazi asiyesema hivyo anamwachia mtoto afikiri kwamba waliokufa walikosa juhudi.

La tatu ni namna wanavyochorwa wanawake. Nami na Robin ni watu wenye akili; bila wao merikebu isingefika popote. Hata hivyo, kadiri miaka inavyopita, wachoraji wamezidi kuwapunguzia nguo na kuwatia viungo ambavyo Mungu hakumwumbia mwanamke yeyote. Sanji naye, mpishi yule mwenye moyo, amefanywa kichekesho cha kuwakimbilia wanawake na kuwachungulia. Dada yangu alisema: "Huyu binti anajua upepo kuliko wanaume wote wa chombo hiki, mbona wamemvua nguo?" Sikuwa na jibu, na mtungaji naye sidhani kama analo. Marekani, mwaka 2004, walipoitoa kwa Kiingereza, waliifuta sigara ya Sanji wakamtia mdomoni pipi ya kijiti ili watoto wasiige kuvuta. Ningeona heri zaidi kama wangeifuta tabia yake hiyo nyingine.

La nne ni kuipunguza thamani ya juhudi. Mwanzoni Luffy anaonekana kijana wa kawaida kutoka kijiji kidogo. Baadaye tunaambiwa babu yake ni mkuu katika Jeshi la Wanamaji, baba yake ni kiongozi wa wanamapinduzi wa dunia nzima, na hata lile tunda la mpira si la mpira bali lina nguvu za mungu wa hadithi za kale. Mtoto wa mvuvi aliyekuwa akijiona katika Luffy anaambiwa, bila kusemwa, kwamba ushindi ni wa waliozaliwa nao. Kwa bahati Usopp na Koby wamebaki watu wa kawaida, nao ndio ninaowaonyesha watoto.

La tano ni jina la haramia. Kwetu neno hilo halina utamu. Mwanzoni mwa karne ya 19, wavamizi wa Kisakalava na Kibetsimisaraka walivuka bahari kutoka Madagaska kwa makundi makubwa ya mitumbwi, wakashambulia Komoro na Visiwa vya Kirimba, wakachoma na kuchukua watu utumwani. Mtoto anapomwita Luffy haramia mwema, yafaa ajue kwamba bahari hii anayoiona dirishani ilileta maharamia wa kweli, na hawakuja kugawa nyama.

NAHODHA GANI ANAKUITA?

Sasa nirudi kwenye swali la mpwa wangu, kwa maana ndilo lililonitia katika kazi hii yote.

Kwa nini kijana hupenda kumfuata nahodha? Nadhani ni kwa sababu nahodha humwambia: wewe unahitajiwa. Kijana asiye na kazi, aliyekosa shule miaka miwili kwa kukimbia, ambaye mashua ya baba yake imechomwa, huwa na kiu ya neno hilo kuliko maji. Luffy hulisema kwa kila mtu. Ndiyo maana anapendwa Palma kama anavyopendwa Tokyo. Na wale waovu walioingia katika vijiji vyetu walilisema pia. Hiyo ndiyo hatari, na mzazi asijidanganye kwamba ni katuni tu.

Basi jioni moja niliwauliza watoto waliokuwa mkekani: mtajuaje kama nahodha anayekuita ni mwema au mbaya? Nilingoja waniambie kwamba mwema ana nguvu, au kwamba anacheka. Mpwa wangu alifikiri, akasema: "Vivi alikataa, na Luffy hakumpiga."

Vivi ni binti mfalme wa nchi ya jangwa aliyesafiri na mabaharia hao, akapigana pamoja nao kuiokoa nchi yake na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Walimpenda sana. Walipotaka kuondoka, walimwambia kwamba wakitaka kumchukua watampitia pwani saa fulani, akija, watafurahi. Vivi alikwenda pwani, akawaambia kwamba anawapenda lakini nchi yake ndiyo kazi yake, na hawezi kuiacha. Hawakumtukana wala hawakumwita msaliti. Waliinua mikono yao kimya, wakamwonyesha alama ya urafiki wao, wakatweka tanga wakaenda zao.

Tukaanza kuhesabu. Kweli, Zoro alipatikana kwa hila kidogo, maana Luffy alizishika panga zake kabla ya kumpa. Watoto walilikumbuka hilo na tukakubaliana kwamba Luffy hapo alikosa. Lakini Koby alikwenda zake. Jinbe alipoitwa mara ya kwanza alisema ana jambo la kumaliza, akangojwa. Usopp aligombana na nahodha wake juu ya merikebu yao ya kwanza, akaondoka. Aliporudi hakuchinjwa kwa kuwa mtoro, ila Zoro alishikilia kwamba sharti aombe radhi kwanza, kwa sababu chombo kisicho na nidhamu huzama. Akaomba radhi, akapokewa kwa machozi. Askari wanaosoma haya watakubali kwamba huo ni uamuzi wa haki.

Kisha nikawauliza habari ya Arlong. Nami aliingizwa katika kundi lake akiwa na miaka kumi. Je, yeye angeweza kukataa? Wakasema: la. Je, angeweza kuondoka? La. Binti mmoja mdogo akaongeza: "Arlong alimwita Nami rafiki, lakini alimfungia." Hapo nikanyamaza, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kulipata somo wenyewe. Nahodha ambaye huwezi kumwambia "hapana" ni Arlong, hata akikupa zawadi, hata akikuita ndugu, hata akitaja mambo matakatifu.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, sisemi tuwaruhusu watoto watazame hadithi hii kama wapendavyo, wala sisemi tuipige marufuku. Ukiipiga marufuku, wataitazama katika simu ya rafiki nyuma ya nyumba, na swali lao watamwuliza mtu mwingine. Nasema tuketi nao. Sisi kwetu tumeweka utaratibu ufuatao.

Kwanza, sehemu mbili kwa jioni, baada ya kazi za shule, na siku ya Ijumaa tunapumzika. Pili, marudio na nyimbo tunaziruka. Hivyo dakika 24 hupungua zikawa kama 18. Tatu, picha zisizo na heshima zikitokea tunapitisha mbele, na dada yangu ndiye mwenye rungu la kuamua. Nne, mtoto mmoja hufasiri kwa bibi, kwa zamu, ili lugha zote mbili zikue. Tano, kabla ya kuzima kila mtoto hujibu swali moja: nani leo alikuwa na nguvu, na alizitumia kwa ajili ya nani?

Baba aliye kambini mbali, asiyeweza kuketi mkekani, anaweza kumpigia mtoto simu na kumwuliza swali hilo hilo. Mtoto atafurahi kumweleza, na baba atajua mtoto wake ana mawazo gani.

Na mimi bado nilikuwa na deni. Nilikuwa nimesema "kesho", na kesho ile ilikwisha kuwa miezi. Usiku mmoja mpwa wangu alipokuwa akikunja mkeka nilimwambia: "Uliniuliza kama Luffy akija kukuita nitakuruhusu."

"Ndiyo, mjomba."

"Apige hodi kwanza. Aingie, anywe chai na bibi yako, aseme anatoka wapi, anakwenda wapi, na utarudi lini. Asiyeweza kupita mlangoni kwetu, usimfuate baharini."

Alifikiri kidogo. "Luffy ataingia," akasema, "lakini atamaliza vitumbua vyote."

Bibi yake, ambaye nilidhani amekwisha kusinzia, akasema kutoka gizani kwamba vitumbua vipo, na aje.